Nyusi za Wanakwaya Watano

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha pamoja na theluji nyepesi, na njia ya soko letu hapa Jecheon, Korea, ikawa tope tupu. Nilitoka kanisani kwenye sala ya alfajiri, nikaenda moja kwa moja dukani kwetu.

Sisi tunauza keki za mchele. Mdogo wangu, Baba Seonu, anasaga mchele. Mimi napanga unga kwenye vyungu vya mvuke. Mke wake, wifi yangu Malsun, anafunua vyungu na kukata keki. Kila mtu anajua kazi yake.

Lakini asubuhi hiyo vyungu vilikuwa vinatoa mvuke kama gari moshi, na wifi hayupo.

"Malsun!" niliita. "Keki zinageuka gundi huku!"

"Nakuja, wifi! Imebaki nusu!"

Nilijua imebaki nusu ya nini. Nusu ya uso. Alikuwa mbele ya kioo anachora nyusi. Umri umempunguzia nyusi zake, zimebaki nywele chache za kuhesabika. Kwa hiyo kila asubuhi anachora kwa wanja. Kisha anafunua chungu cha kwanza, mvuke unampiga usoni, na wanja unatiririka mpaka mashavuni. Ni kila siku. Wateja wamezoea. Mimi sijazoea.

Nilimwomba Mungu anipe uvumilivu. Akanipa wifi.

Malsun alikuja mbio, akafunua chungu, na wanja ukatiririka. Alijifuta kwa mkono wa nguo.

"Usijali," alisema. "Keshokutwa mambo haya yanakwisha."

"Kwa nini? Unaacha kazi?"

"Naenda kuchanjwa nyusi. Zile za rangi, zinazokaa bila kufutika."

"Wapi?"

"Kwa Mama Dahye. Kuna mama mmoja anakuja na sindano zake. Haji kwa watu chini ya watano. Walikuwa wanne, wakakosa wa tano."

Mama Dahye anauza soksi mkabala na duka letu. Ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Akisema tununue aproni za aina moja, wote tunanunua. Akisema tukate nywele, soko zima linakata nywele.

"Kwa hiyo unachanjwa uso ili mtimie watano?" niliuliza.

"Wifi, nisikilize." Malsun aliweka kisu chini. "Tarehe 20 Aprili Seonu anaoa. Mimi na mama wa bibi harusi tutapita mbele ya watu wote kwenda kuwasha mishumaa. Nitalia. Unanijua. Nataka siku hiyo nisimame na uso mzuri, usiotiririka. Ni hilo tu. Mtoto ni mmoja, harusi ni moja."

Nilichukua kile kisu nikaendelea kukata keki. Kila mama anataka uso wake uwe mzuri siku hiyo.

"Na kisukari chako?" niliuliza baadaye.

"Kisukari kiko kwenye damu. Nyusi ziko usoni."

Baba Seonu alikuwa amesimama kwenye mashine ya kusaga. Alimtazama mke wake, akanitazama mimi, akaendelea kusaga. Mdogo wangu huongea mara mbili kwa mwaka.

Alhamisi Malsun alienda. Alirudi mchana. Nilipomwona nilishika mlango.

Nyusi zilikuwa nene, nyeusi, zimenyooka. Zilifanana na vipande viwili vya mwani uliokaushwa, kana kwamba mtu alivikata kwa mkasi na kuvibandika.

"Zitapungua," alisema kabla sijafungua mdomo. "Amesema siku za mwanzo zinakuwa nyeusi, kisha zinafifia."

"Alikuuliza kama una ugonjwa wowote?"

"Aliuliza kama ninaogopa sindano."

"Alikuchorea kwanza ukaona kwenye kioo?"

"Alimchorea Mama Dahye. Sisi tukasema, tufanyie kama yeye. Tulikuwa tumelala sakafuni, watano kwa mstari, na dawa ya ganzi kwenye paji. Tulicheka sana, wifi! Mama Dahye alikuwa anaimba pambio."

"Na akakwambia ujitunze vipi?"

"Nisizimwagie maji wiki nzima."

Jumapili nilikaa kanisani na kutazama kwaya. Kulikuwa na wanawake watano kwenye mstari wa mbele, na wote wana nyusi za aina moja. Mwenye uso mpana na mwenye uso mwembamba, sawa. Walionekana kama wamemkasirikia mchungaji. Mchungaji alihubiri akiwa ameangalia dirishani. Bwana anisamehe, sikumbuki hata neno moja la mahubiri.

Lakini kabla sijawacheka zaidi, lazima niseme kosa langu.

Siku moja kabla, Jumamosi, nilimwambia Malsun, "Twende hamamu." Kila Jumamosi tunakwenda. Tunakaa kwenye maji ya moto, tunatoka jasho kwenye chumba cha joto, kisha tunasuguana kwa kitambaa cha kijani chenye kukwaruza mpaka uchafu unatoka kama uzi. Huwezi kuingia nyumba ya Mungu na uchafu wa wiki nzima.

"Nimeambiwa nisizimwagie maji," alisema.

"Usizimwagie. Kaa tu kwenye joto. Joto si maji."

Akakubali. Naye alikuwa amekwisha kaa kwenye mvuke wa duka siku mbili, kwa sababu mvuke pia si maji. Ndivyo tulivyofikiri, wanawake wawili wazima wenye jumla ya miaka mia na thelathini.

Kwenye chumba cha joto alianza kujikuna. Nyusi zilikuwa na magamba madogo.

"Zinawasha, wifi."

"Ni uchafu huo," nilimwambia. "Sugua."

Akasugua kwa kitambaa cha kijani. Magamba yakatoka na damu kidogo. Mimi ndiye niliyemwambia asugue.

Jumatatu asubuhi Malsun hakuja kazini. Nilimkuta amelala, amejifunika taulo usoni.

"Toa taulo."

"Sitaki."

"Malsun, toa taulo kabla sijaitoa mimi!"

Akaitoa. Mungu wangu! Upande wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka jicho limebaki kama mstari. Usaha wa manjano ulitoka kwenye nyusi. Paji lilikuwa la moto kama chungu.

"Mama Dahye amempigia yule mama," alisema. "Simu haipatikani."

"Haipatikani! Ajabu gani!"

"Usinigombeze. Sitaenda harusini. Waambie naumwa. Siwezi kwenda kuwasha mshumaa wa mtoto wangu na uso huu." Akaanza kulia kwa jicho moja.

Baba Seonu alikuwa amesimama mlangoni. Alishusha koti la mke wake kutoka kwenye msumari. "Vaa," alisema. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea mwaka huo.

Tulimpeleka kliniki ya ngozi karibu na stesheni. Nesi Yeonsil anafanya kazi pale. Ni mteja wetu, hununua keki za maharage mekundu. Alimtazama Malsun, akamwingiza kwa daktari bila kusubiri zamu.

Daktari alisafisha kidonda na kumwandikia dawa. Alipima sukari, akatikisa kichwa. Kisha alituacha na nesi.

"Mama Seonu," nesi aliuliza, "sindano aliitoa wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Ilikuwa kwenye karatasi yake, imefungwa? Uliona akiifungua?"

"Mimi nilikuwa wa nne. Ilikuwa mkononi tayari."

Nesi alifunga macho kidogo. "Alibadilisha kati ya mtu na mtu?"

"Aliifuta kwa pamba. Alifuta vizuri sana."

"Na rangi?"

"Kisahani kimoja. Tulichangia."

"Mama Seonu! Wewe unaweza kuchangia mswaki na Mama Dahye?"

"Toba! Siwezi!"

"Lakini umechangia damu yake. Sindano inaingia kwenye ngozi, inatoka na damu. Mkiwa watano na sindano moja, damu ya watano imekutana. Homa ya ini hupita hapo. Inaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujua. Pamba haiwezi kuondoa hilo."

Nilivuta kiti nikakaa karibu na Malsun. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikamshika bega.

"Kwa hiyo nimeugua?" Malsun aliuliza.

"Sijui. Tutapima damu leo. Utarudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya miezi sita, kwa sababu ugonjwa hauonekani mapema. Na wale wanne waje pia. Wote."

"Wao hawajavimba."

"Kuvimba ni jambo jingine. Wewe umevimba kwa sababu una kisukari, na kidonda cha mwenye kisukari hakiponi haraka. Ungekuja kwanza, daktari angekwambia ushushe sukari kabla ya sindano. Mwenye dawa za kuzuia damu kuganda pia aseme. Mjamzito asubiri. Mwenye ngozi inayoota makovu makubwa aseme. Yule mama aliuliza lolote kati ya hayo?"

"Aliuliza kama naogopa sindano," Malsun alisema kwa sauti ndogo.

"Alipaka rangi kidogo nyuma ya sikio, mkasubiri siku moja au mbili kuona kama ngozi inaikataa?"

"Tulikuwa na mazoezi ya kwaya saa tisa."

Nesi alicheka bila furaha. "Na baada ya hapo? Mvuke? Jasho? Hamamu?"

Malsun hakunitazama. Ni mwema, wifi yangu. Alikuwa tayari kubeba kosa peke yake. Niliomba kimoyomoyo, Bwana nipe ujasiri, kisha nikasema.

"Mimi nilimpeleka hamamu. Mimi nilimwambia asugue."

"Kwa kitambaa cha kijani?"

"Kwa kitambaa cha kijani."

"Mama Gyutae! Hata sakafu ya kliniki hatuisugui kwa kile!"

Mama Gyutae ni mimi. Nilitazama viatu vyangu.

"Sikilizeni," nesi alisema, na sauti yake ikalainika. "Nyusi zilizochanjwa ni kidonda. Zioneni hivyo. Kwa wiki moja hadi mbili, maji yasizifikie, wala mvuke, wala jasho, wala jua kali. Magamba yaachwe yaanguke yenyewe. Yakiwasha, vumilia. Ukibandua, rangi inatoka nayo, na vijidudu vinaingia."

"Basi nizifute kabisa," Malsun alisema. "Leo. Zitoeni."

"Hazitoki leo. Kuna mwanga maalumu wa kuvunja rangi, unaitwa leza. Unauma, na unarudiwa mara nyingi kwa miezi. Kwanza kidonda kipone."

"Wao wanaziita za kudumu. Kumbe ni kweli."

"Zinadumu pale usipozitaka, na zinafifia pale unapozitaka," nesi alisema. "Baada ya mwaka au miaka, rangi hupungua. Nyingine hugeuka bluu au nyekundu. Ndiyo maana usimwombe fundi akuonyeshe picha za siku ya kwanza. Siku ya kwanza zote zinapendeza. Mwombe picha za watu waliopona, za miezi na miaka baadaye."

"Huyu alikuwa na Mama Dahye tu wa kuonyesha," nilisema.

"Na asichore ukiwa umelala. Uso ukilala, ngozi inahama. Ukae wima, uchorewe kwa wanja, ushike kioo, ukubali mwenyewe. Uso ni wako. Usinunue uso wa jirani."

Malsun alicheka kidogo, akashika shavu kwa maumivu.

"Na harusi yangu? Imebaki wiki tano."

"Hata kama kila kitu kingekuwa safi, wiki tano zisingetosha. Rangi halisi inaonekana baada ya mwezi, na mara nyingi mtu hurudi kurekebishwa. Mwenye sherehe aanze miezi mitatu kabla." Nesi alimshika mkono. "Lakini harusini utakwenda. Meza dawa mpaka mwisho, shusha sukari, kaa mbali na vyungu. Ngozi ikifunga, utachora kwa wanja. Wanja mpya, ule wa zamani tupa."

"Na nikimwona yule mama tena?" niliuliza.

"Kwa sheria yetu ilivyo leo, kazi hii ni ya daktari. Ndiyo maana anahama nyumba hadi nyumba na simu haipatikani. Mtu asiyeweza kupatikana Jumatatu, usimpe uso wako Alhamisi."

Tulirudi nyumbani. Kwa wiki mbili Baba Seonu alifunua vyungu, akaungua vidole mara nne na hakusema neno. Mimi nilikata keki. Malsun alikaa mbele na wateja, mbali na mvuke. Alipima sukari kila asubuhi. Kila mara mkono wake ulipopanda kwenda kujikuna, soko zima lilisikia sauti yangu.

"Mkono!"

"Nilikuwa nafukuza nzi!"

"Nzi wa Machi? Mkono!"

Pasaka ilipofika uvimbe ulikuwa umekwisha. Jibu la damu lilikuja, safi, ingawa lazima apimwe tena. Nilipiga magoti nyuma ya magunia ya mchele nikamshukuru Mungu. Nyusi ya kushoto ilibaki na pengo katikati, na ya kulia ilikuwa nene. Lakini ngozi ilikuwa imefunga.

Kilichonichosha ni wale wanne. Nilikwenda kwa kila mmoja.

"Mimi sijavimba," alisema wa kwanza.

"Mimi namwamini Mungu," alisema wa pili.

"Mungu ndiye aliyeumba maabara pia!" nilimwambia, nikaondoka kabla sijatenda dhambi.

Wa tatu alisema Mama Dahye akienda, naye atakwenda. Mama Dahye aliniuzia soksi, akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi tarehe 20 Aprili Malsun alivaa hanbok yake ya bluu, vazi letu la sherehe. Alikuwa amejaza pengo kwa wanja mpya. Alipita katikati ya ukumbi pamoja na mama wa bibi harusi, wameshikana mikono, akawasha mshumaa wake. Alilia kama alivyoahidi. Wanja ulitiririka. Alijifuta kwa leso, pengo likaonekana, na yeye akageuka akatutazama watu wote hivyo hivyo, bila kujifunika. Seonu alimtazama mama yake, akashindwa kuzuia machozi. Mdogo wangu alinong'ona, "Mama yake ni mzuri." Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Baadaye tulikaa mezani kula tambi za harusi. Kwaya nzima ilikuwa hapo, pamoja na mama wa bibi harusi. Mama Dahye alimwinamia Malsun. Alifikiri ananong'ona, lakini yeye ni sauti ya kwanza.

"Yule mama amepata namba mpya! Atakurekebishia hiyo ya kushoto. Na sasa anachanja midomo. Anataka watano."

Nilishika vijiti vyangu kwa nguvu na kuomba.

Malsun aliweka bakuli chini, akasimama. Watu wa meza zote wakageuka. Walifikiri anataka kutoa shukrani.

"Ndugu zangu," alisema, "nasema mbele ya mkwe wangu na mbele ya kwaya. Mimi Pyo Malsun nilichanjwa nyusi kwa sindano ya watu watano. Nusura nisije harusi ya mwanangu. Sitarekebisha mpaka sukari ishuke na daktari akubali. Nitaona sindano ikifunguliwa, nitashika kioo mwenyewe. Na Jumatatu saa tatu nitakuwa mlangoni pa kliniki kuwasubiri wenzangu wanne. Damu yetu ilikutana. Siwezi kupona peke yangu."

Wale wanne walitazamana chini ya jozi nne za nyusi zile zile.

"Malsun, kaa, watu wanakula," alisema Mama Dahye.

"Sikai."

"Nina duka Jumatatu."

"Mimi nitauza soksi zako," nilisema.

"Nitauza mimi," alisema Baba Seonu. Watu waligeuka kumtazama, maana ilikuwa mara ya tatu.

Mama Dahye alimtazama Baba Seonu, alinitazama mimi, alitazama lile pengo kwenye nyusi ya Malsun. Aligusa nyusi yake mwenyewe kwa kidole. Kisha akasimama.

"Haya, jamani, haya! Jumatatu saa tatu nitakuwa mlangoni pa kliniki, na hawa watatu nitawaburuta mwenyewe. Na yule mama wa sindano hakanyagi tena nyumbani kwangu. Naahidi. Mmesikia wote?"

"Tumesikia," kwaya ikajibu.